Suuza, Kunjua, Anika

Katika shule nyingi za msingi za Tokyo, mlo wa mchana hauishi mtoto anapoweka vijiti chini. Mbele yake bado ipo pakiti tupu ya maziwa ya mililita 200, na pakiti hiyo ina kazi yake. Foleni inapangwa kuelekea sinki la ukumbini au ndoo zilizowekwa nyuma ya darasa. Pakiti inasuuzwa, inakunjuliwa mpaka inakuwa bapa, inaanikwa. Kwa mkono uliozoea, yote hayo ni suala la dakika moja au mbili. Zikishakauka, zinafungwa mafungu na kusubiri siku ya kuchukuliwa kwenda kiwandani, ambako zitageuzwa kuwa karatasi za chooni.

Kadiri ninavyoifuatilia kazi hii ndivyo ninavyozidi kuiheshimu. Tukitaja urejelezaji wa taka, wengi wetu tunawaza mashine, malori na mikataba, na kweli vyote hivyo vinahitajika. Lakini hatima ya pakiti ya maziwa huamuliwa mapema zaidi, katika dakika chache baada ya funda la mwisho, mkononi mwa yule yule aliyekunywa. Akiitupa na matone ndani, imeshakuwa uchafu na itawanukia wote watakaoishika. Akiisuuza na kuikunjua, ni malighafi, tena malighafi ambayo viwanda huigombania. Kati ya mambo hayo mawili kuna ufundi wa vidole wenye hatua zake na sababu zake, na anayeujua hafanani na anayebahatisha.

Kwanza tuitazame pakiti yenyewe. Ukuta wa pakiti ya maziwa freshi una tabaka tatu: katikati karatasi nene, na pande zote mbili plastiki nyembamba ya polithini. Ya ndani huzuia maziwa yasiloweshe karatasi, ya nje huzuia unyevu wa friji. Plastiki hiyohiyo, ikipashwa moto kiwandani, ndiyo inayogandisha kingo zikashikana. Pakiti ya lita moja ina uzito wa gramu 30 hivi, na sehemu kubwa ya uzito huo ni karatasi. Umbo lake, lenye kichwa cha mgongo wa paa, limepita karne moja sasa: John Van Wormer wa Toledo, jimbo la Ohio, Marekani, alipata hataza yake mwaka 1915.

Karatasi iliyo katikati ndiyo mali. Kwa kuwa inabeba chakula, hutengenezwa kwa nyuzi mpya za mbao, hasa za misonobari na jamii yake inayokua katika maeneo ya baridi kama Finland, Sweden na Amerika Kaskazini. Nyuzi za miti hiyo hufikia milimita 3 hivi, wakati za miti mingi ya majani mapana ziko karibu na milimita 1. Uzi mrefu hushikana na wenzake kwa nguvu, na ndiyo maana pakiti hubeba maziwa bila kuchanika. Nyuzi za namna hiyo zinaweza kurudi kuwa karatasi mara 5 hadi 7 kabla hazijafupika mno. Kuzitumia kwa mlo mmoja kisha kuzizika au kuzichoma ni hasara ambayo hata mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuielewa akielezwa.

Tokyo ililielewa jambo hilo kwa uchungu. Kuanzia mwaka 1957 hadi 1967 jiji lilimwaga taka zake katika kisiwa cha Yumenoshima, kilichojazwa kwenye ghuba. Mwaka 1965 nzi walizaliana humo kwa wingi wa kutisha wakavamia mitaa ya Koto iliyo jirani, mpaka ikabidi jaa lenyewe lichomwe moto ili kuwaua. Mwaka 1971 Gavana Ryokichi Minobe alitangaza rasmi vita dhidi ya taka, huku wakazi wa Koto, waliochoka kupitiwa na malori ya kata nyingine, wakidai kila kata ibebe mzigo wake. Tangu hapo jiji limejenga matanuri ya kuchomea taka katika kata nyingi, na majivu hupelekwa kwenye jaa la mwisho katika bandari. Likijaa hilo, hakuna eneo jingine baharini lililotengwa kwa ajili ya kata 23 za jiji. Kila kitu kisichoingia kwenye tanuri huliongezea jaa hilo umri.

Hata hivyo, kazi ya pakiti haikuanzia katika ofisi ya gavana. Mwaka 1984 kikundi cha akina mama wa mji wa Otsuki, mkoa wa Yamanashi, magharibi mwa Tokyo, kilichojiita Tanpopo, kilianza kukusanya pakiti za maziwa nyumba kwa nyumba. Walitaka watoto wao wajue thamani ya vitu, wakachagua kitu ambacho kila jiko lilikuwa nacho na kila jiko lilikitupa. Pakiti hizo zilikuwepo shuleni pia: nchini Japani shule hutoa maziwa karibu kila siku ya masomo, na sheria ya chakula cha shule imekuwepo tangu mwaka 1954. Watoto wa huko hupakuliana chakula wenyewe wakiwa wamevaa aproni na kofia nyeupe, na hufagia madarasa yao wenyewe. Kazi ya pakiti ilipofika shuleni, ilikuta mikono iliyokwisha kuzoea kumaliza inachoanza.

Sasa tuifuate kazi hatua kwa hatua, maana uzuri wake uko humo.

Kusuuza kunataka haraka. Maziwa yakiachwa yakauke, protini na mafuta yake hung'ang'ania plastiki, na baada ya saa chache maji matupu hayatoshi tena. Bakteria nao wameshaanza kuyachachusha. Samaki mkunje angali mbichi, na pakiti isuuze ingali na ubaridi wa maziwa. Lakini haraka hiyo haimaanishi kumwaga maji ovyo. Penye ndoo mbili au tatu zilizopangwa kwa mfuatano, pakiti huchovywa katika ya kwanza, ambayo ndiyo inayogeuka nyeupe, kisha ya pili, kisha ya mwisho iliyobaki na maji angavu. Darasa zima linatumia maji machache kuliko bomba lililoachwa wazi, na mtoto anaona kwa macho yake uchafu ukipungua kutoka ndoo hadi ndoo. Mwenye mzio wa maziwa hupangiwa kazi nyingine, kwa sababu hata mchirizi mdogo unaweza kumdhuru.

Kukunjua ndiko kwenye ufundi hasa. Pakiti ndogo ya shule hufunguliwa kwa vidole vitupu, bila mkasi. Zamani maziwa haya yalinywewa kwa mrija. Miaka ya karibuni zimetokea pakiti zilizobuniwa kwa ajili ya shule, ambazo mdomo wake hufunguka kirahisi na mrija hauhitajiki. Vyovyote iwavyo, mtoto huanza juu. Huuachanisha mgongo wa paa upande mmoja, kisha wa pili, akisukuma nyuma kwa vidole gumba mpaka pakiti ibaki na mdomo wa mraba ulio wazi kabisa. Hapo anautafuta mshono wa wima. Uko kwenye kona moja kati ya nne, pale ukingo mmoja wa karatasi ulipolalia mwingine. Jicho laweza kuupita, lakini kidole kikipapasa hakiukosi.

Mshono huo ndio unaompima. Anauchokonoa kwa ukucha kuanzia juu, na akishapata pa kushika anavuta kwenda chini polepole, mkono ukikaa karibu na pale panapoachia. Akivuta kwa pupa akiwa ameshika mbali, karatasi huchanika ngozi: tabaka la juu hubaki limeganda upande wa pili na ukingo unakuwa na manyoya. Akivuta kwa utulivu, mshono unaachia wote kwa mwendo mmoja. Kisha kitako. Hapo karatasi imekunjwa juu ya karatasi, na pembetatu mbili zimejificha katikati. Anaziibua moja moja, ananyoosha mikunjo, na mwishowe mkononi kuna kipande kimoja tu: kuta nne zilizopangana ubavu kwa ubavu, michoro upande mmoja, weupe mtupu upande wa pili. Mtoto aliyelegea mwezi wa kwanza wa muhula hufika mahali akafanya haya huku anazungumza na mwenzake, macho yakiwa kwingine kabisa.

Kuna wanaouliza kwa nini pakiti isikanyagwe tu ikawa bapa. Jibu liko kwenye kitako. Pakiti iliyokanyagwa imefungia maji na mabaki ndani ya mikunjo, na hapo ndipo kuvu huanzia. Isitoshe, bapa zilizokunjuliwa vizuri hupangika moja juu ya nyingine kwa mamia, na lori hubeba karatasi badala ya kubeba hewa. Na mkasi? Ungeongeza foleni na hatari, ilhali mshono uko tayari, umewekwa na kiwanda, unangoja kufunguliwa.

Kuanika kunaonekana kazi nyepesi kuliko zote, lakini ndiko kunakoharibu mengi. Plastiki huikinga karatasi mbele na nyuma, si kwenye kingo zilizokatwa. Maji huingilia hapo, yakanyonywa taratibu kati ya tabaka mbili zisizopitisha hewa, na yakishaingia hutoka kwa shida. Kwa hiyo bapa husimamishwa kwenye kapu au kreti zikiwa zimeachana, hewa ipite kila upande, wala hazilazwi zikalundikana. Anayejua kazi hapimi ukavu kwa kugusa katikati; hugusa sehemu iliyokuwa kitako, kwani ndiyo ya mwisho kukauka. Fungu moja lililofungwa na unyevu laweza kuotesha kuvu likaharibu na mengine, na kuvu hula nyuzi zilezile ambazo kiwanda kinazitaka.

Bapa hizo huishia kwenye viwanda kama vile vya mji wa Fuji, mkoa wa Shizuoka, ambao ni kitovu kikubwa cha karatasi za chooni nchini humo. Hapo ufundi hubadilisha mikono. Pakiti huingizwa pamoja na maji mengi ndani ya pipa kubwa la chuma lenye rota kitakoni, linalofanya kazi kama blenda ya juisi, isipokuwa hili halikusudiwi kukata. Kukata kungefupisha nyuzi na kuua thamani yote. Rota huyazungusha maji kwa nguvu, pakiti zikasuguana, maji yakapenya kwenye kingo na kuzilowesha nyuzi mpaka ziachane na plastiki. Fundi wa pipa hucheza na uzito wa rojo na muda. Akilitoa mapema, vipande vya karatasi vitabaki vimeganda kwenye plastiki na kupotea navyo. Akikawia mno, plastiki itasagika vipande vidogo vitakavyosumbua kwenye machujio.

Kuna jambo moja katika hatua hii ambalo kila nikilifikiria linanifurahisha. Michoro na maandishi ya pakiti yamechapwa juu ya plastiki ya nje, hayakuchapwa kwenye karatasi. Plastiki ikibanduka, wino huondoka nayo. Rojo linalobaki ni jeupe bila kuhangaika na kazi ngumu ya kuondoa wino, kazi ambayo magazeti ya zamani huidai kila mara. Plastiki nayo huchujwa, na mara nyingi huchomwa kama kuni za kuendeshea kiwanda hichohicho. Hesabu inayofahamika sana Japani ni kwamba pakiti 30 za lita moja hutoa roli 5 za karatasi ya chooni. Ukichukulia kwamba pakiti ndogo ya shule ina theluthi ya uzito wa ile ya lita, darasa la watoto 30 hutoa kwa mlo mmoja malighafi ya zaidi ya roli moja na nusu. Ukizidisha kwa madarasa ya shule na siku za mwaka wa masomo, utaona kwa nini kiwanda hutuma lori.

Shule nyingine haziishii hapo. Zinawapa watoto nafasi ya kuifanya safari yote kwa mikono yao, kwa kutengeneza postikadi. Pakiti huloweshwa kwenye maji kwa siku kadhaa au huchemshwa, kisha plastiki hubanduliwa pande zote mbili. Ikilowa ipasavyo, huvuka kama utando mmoja mzima na kuacha karatasi laini katikati. Karatasi hiyo huchanwa vipande vidogo, husagwa na maji, na rojo humwagwa ndani ya beseni. Mtoto huzamisha fremu yenye wavu, huiinua ikiwa sawasawa, huitikisa kidogo mbele na nyuma, kushoto na kulia, huku maji yanachuruzika.

Ni mtikiso huo unaotenganisha postikadi nzuri na kipande cha uji uliogandamana. Ukitikisa mapema na kwa upole, nyuzi hulala kila upande na kushikana. Ukichelewa, maji yameshakwenda na nyuzi zimeshajikusanya mabonge. Rojo likiwa zito, kadi inakuwa na vilima. Likiwa jepesi mno, mwanga unapita kwenye matundu. Baada ya hapo kadi hugeuziwa juu ya kitambaa, maji hunyonywa kwa sponji, na hubandikwa kwenye kioo au ubao ikauke ikiwa imenyooka. Kadi ya kwanza mara nyingi huwa mbovu. Ya tatu au ya nne hupokea wino bila kuusambaza, na hapo mtoto amegundua kwa vidole vyake jambo ambalo kitabu kingelieleza kwa kurasa nyingi: kwamba karatasi ni nyuzi zilizokutana ndani ya maji.

Ufundi huo una wakubwa wake karibu na Tokyo. Katika mji wa Ogawa na kijiji cha Higashichichibu, mkoani Saitama, mafundi wanatengeneza kwa mkono karatasi ya Hosokawa kutokana na magome ya mforosadi wa karatasi. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ufundi huo, pamoja na wa Mino na Sekishu, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Na jiji lenyewe, lilipokuwa bado linaitwa Edo, lilikuwa na waokota karatasi mitaani na mafundi wa Asakusa waliolowesha karatasi kuukuu na kuitengeneza upya, ya kijivu na ya bei nafuu, iliyotumika hata chooni. Mtoto anayekunjua pakiti leo ameingia katika kazi ambayo jiji lake limeifanya kwa karne kadhaa.

Wasomaji wa Afrika Mashariki tuna sababu yetu ya kuitazama kazi hii kwa makini. Waliosoma Kenya kuanzia mwaka 1979 wanayakumbuka Maziwa ya Nyayo, ambayo serikali ya Rais Daniel arap Moi iliwagawia wanafunzi wa shule za msingi bila malipo, katika pakiti za pembe tatu. Maziwa yale yalijenga miili ya kizazi kizima. Leo pakiti za maziwa na juisi zimejaa madukani kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam, na nyingi zinafuata njia ya taka nyingine. Jaa la Dandora, linalopokea taka za Nairobi tangu miaka ya 1970, lilihesabiwa kuwa limejaa mwaka 2001, na malori hayajaacha kupanda humo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 kuhusu usimamizi endelevu wa taka inataka taka zitenganishwe zinapozalishwa, na wazalishaji wawajibike kwa vifungashio vyao. Shule ni mahali pazuri mno pa kuanza kuitekeleza, kwa sababu pakiti mia kadhaa hutoka mahali pamoja, wakati mmoja, zikiwa za aina moja.

Lakini tusiige kwa kufumba macho. Pakiti za maziwa ya muda mrefu, zilizozoeleka kwetu kwa sababu hazihitaji friji, zina tabaka la ziada la alumini nyembamba ndani. Karatasi yake hutenganishwa kwa maji vilevile, ila kinachobaki ni mchanganyiko wa plastiki na alumini unaotaka kiwanda kinachojua la kuufanyia. India na Thailand huubana kwa joto ukawa mbao na mabati ya kuezekea. Kwa hiyo anayesimamia shule inayotaka kuanza asitangulie kununua ndoo wala kuchora bango. Kwanza amtafute mnunuzi, amuulize anapokea pakiti za aina gani, kavu kiasi gani, na fungu liwe na uzito gani ndipo gari lije. Majibu hayo ndiyo yatakayomwambia kama watoto wakunjue au wasuuze tu, waanike wapi, na nani ahifadhi ufunguo wa stoo.

Hapo ndipo walimu waite watoto na kuwaonyesha mshono. Wasiwape hotuba ndefu kuhusu sayari. Wawaeleze kwa nini mkono ukae karibu na panapoachia, kwa nini kitako hukauka mwisho, kwa nini wino unaondoka na plastiki. Mtoto akijua sababu ya kila tendo, atalifanya vizuri hata siku ambayo hakuna anayemwangalia. Na mafungu yakiondoka, mwalimu aulizie yamefika wapi na arudi kuwaambia darasani, maana kazi hii haitadumu shuleni kama wenye mikono iliyoifanya hawajui ilizaa nini.